Raba Haikushindwa, Walikataa Kuiosha

Nyinyi mliokuwa kwenye ule ukumbi wa Moshi mjini, mliokaa viti vya nyuma mkitafuna karanga na kuchezea simu, nawaandikia nyinyi. Mlimsikia yule mzee mwenye suti ya kijivu, mshauri wa mambo ya visima, akiwaambia kwamba kutia raba kwenye saruji ya visima vya gesi ni upuuzi uliojaribiwa hapa kwetu ukashindwa, na kwamba kijana mmoja alizembea kwenye valvu akaungua. Mlimpigia makofi. Mimi nikasimama. Baadhi yenu mlicheka kumwona bibi mwenye kitenge na sweta akidai kipaza sauti. Nilisema maneno machache, kipaza sauti kikazimwa, mwenyekiti akatangaza chai.

Hapa hakuna wa kunizimia. Kaeni.

Naitwa Haika, mzaliwa wa Old Moshi. Kazi yangu mpaka nastaafu ilikuwa kupika saruji ya visima. Nasema kupika kwa sababu ndivyo ilivyo: unapima, unakoroga, unapasha moto, unaonja kwa macho. Nilisomea kemia, nikaajiriwa kusini kwenye visima vya gesi. Yule mwenye suti alikuwa meneja wangu. Jina lake sitalitaja, na wala si kwa heshima. Nikilitaja mtaanza kumjadili yeye, na mimi nataka mwelewe kazi.

Kisima cha gesi unakichimba kwenye mwamba, chini sana, kisha unashusha bomba la chuma. Kati ya bomba na mwamba panabaki uwazi mwembamba, kama ule ulio kati ya mkono wako na mkono wa sweta. Uwazi huo ndio unaojazwa saruji. Inasukumwa ikiwa uji, inapita ndani ya bomba, inatokea chini na kupanda kwa nje. Ikishaganda ndiyo mlinzi wa pekee anayezuia gesi isipande pembeni mwa bomba na kuwafikia watu juu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Bomba halitulii. Ukilijaza shinikizo linatanuka, ukilipunguzia linasinyaa. Likipata joto, hivyo hivyo. Linapumua. Na saruji iliyolizunguka, ikiwa ngumu tupu, haiwezi kupumua pamoja nalo. Inapasuka. Ukuni mkavu ni mgumu, lakini ukiukunja unakatika. Kitawi kibichi cha mkahawa unakikunja, kinarudi. Sisi tulikuwa tunatafuta saruji yenye tabia ya kile kitawi.

Dawa mojawapo ni raba. Matairi chakavu yaliyosagwa yakawa kama unga wa ulezi. Kila chembe ndani ya saruji inakuwa kama kigodoro. Ufa ukianza kukimbia, ukifika pale unachoka. Lakini kuna jambo moja, na kwa ajili ya hilo jambo moja mtu mzima aliungua: raba na maji havisalimiani. Ukiimwaga raba kavu kwenye uji wa saruji inajikusanya mabonge na kuelea juu kama ukoko wa maziwa. Ni lazima kwanza uioshe kwa kostiki soda, ile ile wanayotengenezea sabuni, ili mafuta yatoke na ngozi yake iparuzwe, ikubali kulowa. Baada ya hapo inashikana na saruji. Bila hivyo umemwaga takataka kisimani.

Aliyenifundisha kuisikiliza saruji alikuwa Mzee Likanda, mtu wa Newala, msimamizi wetu wa pampu. Alikuwa mfupi, mwenye kikohozi cha tumbaku, na hakuwa na subira na mtu yeyote. Siku yangu ya kwanza nilimletea majibu ya maabara yamepangwa vizuri kwenye jedwali. Akayasoma yote, akaniuliza, "Umeyapima kwa joto la huku juu au la kule chini?"

"La huku juu, mzee."

"Basi umepika uji wa kula sisi. Kapike wa kula kisima."

Nikarudi. Alikuwa sahihi, na alikuwa na kauli aliyoirudia kila mabosi walipokuja na haraka zao: "Saruji haina meneja." Yaani haiogopi cheo chako. Ukiidanganya inakujibu baadaye, na mara nyingi inamjibu mwingine.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuulaza mrija wa kioo wenye uji wa saruji kama mtu aliyeegemea ukuta, kwa sababu visima havisimami wima siku zote, na maji yaliyojificha huonekana mrija ukilazwa. Alinifundisha kumwambia fundi pampu apunguze mwendo kwa kusikiliza mlio tu. Mkipata mtu wa namna hiyo kazini, mshikeni. Msimpige picha. Mshikeni.

Wazo la kutumia raba lilitoka kwenye majarida ya nchi za nje, mimi na Likanda hatukulibuni. Tatizo letu lilikuwa kupata unga wenyewe na kujua namna ya kuuosha kwa maji yetu na saruji yetu. Nikiwa likizo nilishuka Moshi mjini, kwenye karakana moja wanamovisha matairi mpira mpya. Kabla ya kulivisha tairi wanalikwangua, na pale chini ya mashine hujaa vumbi jeusi. Walikuwa wanalitupa.

"Mama, unakwenda kulisha ng'ombe?" aliniuliza kijana mmoja akinifungia gunia.

"Nakwenda kuwalisha Wamakonde," nikamjibu, na karakana nzima ikacheka.

Nikalipandisha gunia lile nyumbani. Kwenye kihamba chetu, shamba letu la migomba la nyumbani, nyuma ya zizi, nikaanza kuosha raba kwa mabeseni. Mama yangu alikuwa hai wakati huo. Alikuja akiwa na majani ya mgomba begani, akaona maji meusi yanatiririka kwenye mfereji wake.

"Ruwa wangu, Mungu wangu! Haika, ndiyo kemia hiyo? Tumekusomesha uje ufue matairi?"

"Mama, hii itaokoa watu."

"Iokoe kwanza migomba yangu. Toa huo uchafu hapo."

Nilichimba shimo mbali na mfereji nikaendelea. Nilijifunza kwa kukosea. Mara ya kwanza nilisuuza haraka haraka. Kostiki ikabaki kwenye raba, na saruji ikaganda ndani ya sufuria kabla sijamaliza kukoroga. Mama alinuna wiki nzima, maana ilikuwa sufuria yake ya mtori. Lakini fikirieni ingekuwa ndani ya bomba, nusu ya safari. Kisima kizima kingekuwa jiwe. Kwa hiyo shikeni hili: kusuuza ni nusu ya kazi. Suuza mpaka karatasi ya kupimia iseme maji yametulia, si mpaka wewe uchoke. Anika kivulini, geuza, pekecha mabonge. Vaa glavu na miwani. Kostiki haijui kama wewe ni msomi.

Niliporudi kusini tukafanya majaribio rasmi. Tuliweka kipande cha saruji tupu kwenye mashine ya kubana. Tukakibana, tukakiachia, tukakibana tena. Kikalia pa! na vigae vikaruka kwenye kioo cha mashine. Tukaweka kile chenye raba iliyooshwa. Kikabonyea, kikarudi. Tuliporudia mara nyingi kikapata ufa, lakini hakikuachana. Likanda alikichukua mkononi akakigeuza geuza, kisha akasema, "Huyu anajua kuishi na watu."

Meneja naye alifurahi. Alikuja na wageni, akapigwa picha akiwa ameshika kile kipande. Alipenda kuniita "dada yangu wa mlimani" kwa sababu na yeye ni wa huku huku. Mbele ya wageni alisema kisima kinachofuata kitatumia saruji ya raba, kazi ya Watanzania. Nilijivuna. Mpaka leo nikikumbuka nilivyojivuna damu inachemka.

Ulipofika wakati wa kukisaruji kile kisima, mvua za kusini zilikuwa hazikatiki. Raba yetu iliyooshwa ilikuwa imetandazwa kwenye banda, bado mbichi, na maji yake yangeharibu vipimo vya uji. Tulihitaji siku chache tu. Mtambo wa kuchimba ulikuwa unasubiri, na mtambo ukisimama mabosi huanza kutembea tembea. Meneja akaja bandani, akachota ile raba mbichi kwa mkono, akaitupa.

"Ile ya kwenye magunia vipi?"

"Ile haijaoshwa," nikasema.

"Si raba?"

"Ni raba, lakini itaelea."

Nikachota ndoo ya uji wa saruji, nikamwaga raba isiyooshwa, nikakoroga mbele yake. Nilipoacha kukoroga ikapanda juu yote, nyeusi, na chini ikabaki saruji tupu. Akaangalia. Nawaapia aliangalia vizuri kabisa.

"Ndani ya kisima hakuna ndoo, dada yangu," akasema. "Pampuni."

Mzee Likanda aliondoa mkono wake kwenye pampu. "Mimi hii siipampu."

"Basi kapumzike kantini, mzee. Umechoka."

Likanda alivua kofia ngumu, akaiweka juu ya kiti cha pampu ili mtu akitaka kukaa lazima kwanza aiondoe, akaenda. Meneja akaiondoa mwenyewe, akamkalisha fundi mwingine. Wakapampu.

Hapa ndipo anapoingia Eliamani. Mlimsikia akitajwa ukumbini kama "kijana mmoja". Alikuwa fundi wa valvu, mtu wa Kahe, ametoka kuoa muda si mrefu. Kule kambini, ukimtoa meneja, tulikuwa wawili tu tunaotoka upande huu, basi Jumapili tulizoea kukaa pamoja tukibishana. Yeye alisema sisi wa mlimani tunayabana maji yasifike kwao, mimi nilisema wao wa bondeni wanalima mpunga kama vile maji ni ya baba yao. Alikuwa mtu wa mzaha lakini kazini hakuwa na mzaha. Kila valvu aliyoifunga aliifunga na waya juu yake, akaupinda waya kwa koleo mara mbili, na mimi nilizoea kumtania kwamba anafungia kuku.

Saruji ilipoganda, wakajaribu bomba kwa shinikizo, wakaachia, wakajaribu tena. Lilipumua, kama nilivyowaambia. Asubuhi iliyofuata kwenye shimo lililozunguka kichwa cha kisima, ambalo huwa na maji ya mvua, mapovu yakaanza kupanda. Machache, kama sufuria inayotaka kuchemka. Nilikwenda mbio kwa meneja nikamwambia watu watolewe, kazi zote za moto zisimame. Akasema ni hewa iliyonaswa tu. Akamtuma Eliamani ashuke shimoni kuangalia mapovu yanatoka wapi. Upande wa pili wa uwanja mtu alikuwa anachomelea chuma, na hakuna aliyemwambia aache.

Sitawaeleza alivyoungua. Nilimsikia, inatosha. Mzee Likanda ndiye aliyeruka na blanketi la moto, akamtoa, na nyusi zake mwenyewe zikateketea. Tulipomlaza kwenye gari Eliamani aliniuliza jambo moja, "Dada Haika, valvu yangu imefunguka?"

Nilirudi shimoni moto ulipozimwa nikaangalia. Valvu ilikuwa imefungwa. Waya wake ulikuwa umekuwa mweusi, lakini bado umepindwa mara mbili.

Iliundwa kamati. Tukaitwa mmoja mmoja kwenye chumba chenye kiyoyozi. Nikawaambia raba haikuoshwa, saruji imepasuka, gesi imepanda nje ya bomba, na valvu haikuguswa. Mzee Likanda akasema hayo hayo, kwa maneno makali zaidi. Bwana mmoja wa kamati akanijibu kwa upole, "Mama, moto unavuruga kila kitu. Huwezi kuwa na uhakika na waya."

"Nimeushika kwa mkono wangu."

"Ulikuwa na mshtuko."

Ndivyo walivyohitimisha: fundi alifungua valvu kimakosa, na mchanganyiko wa raba haufai, usitumike tena. Kwa mpigo mmoja walimsafisha aliyetoa amri, wakamchafua aliyeungua, wakaizika dawa yenyewe. Meneja alipandishwa cheo. Eliamani alirudishwa Kahe na mikono isiyofunga vidole, bila kifuta jasho, kwa sababu mzembe halipwi. Mimi niliondolewa maabara nikawekwa stoo kuhesabu glavu. Na visima vilivyofuata vikawekwa saruji tupu, ngumu, ile ile inayolia pa.

Kuna watu wataniambia nisiwe na hasira, kwamba Mkristo husamehe. Mchungaji wetu ameniambia. Nimemjibu nitasamehe siku mtu atakapoomba radhi. Siwezi kusamehe kitu ambacho mwenyewe anasema hakikutokea.

Nilihama kampuni. Likanda naye alinifuata, maana na yeye walimsumbua mpaka akaacha. Huko tulikokwenda tulimpata bosi mama mmoja, mhandisi, asiyependa maneno mengi. Nikamweleza yote. Hakuniamini, na alifanya vizuri kutoniamini. Akasema, "Nionyeshe." Nikaweka ndoo mbili mbele yake, moja ya raba iliyooshwa na moja ya isiyooshwa. Akazitazama mpaka uji ulipoanza kukaza. Kisha akauliza swali ambalo yule mwingine hakuwahi kuuliza: "Kukausha kunachukua muda gani?"

Tukasubiri ikauke. Mtambo ukasimama, simu zikapigwa kutoka huku na huko, yeye akazipokea zote na kusema bado. Mzee Likanda akapampu kwa mkono wake mwenyewe. Saruji ilipoganda tukalibana bomba, tukaliachia, tukalibana, tukaliachia. Asubuhi Likanda alipaka povu la sabuni kuzunguka kichwa chote cha kisima, kama mtu anayenyoa ndevu, akapiga magoti kwenye tope akalikodolea macho. Povu halikucheza. Alikaa pale mpaka likakauka lenyewe. Alipoinuka machozi yalikuwa yanamtoka, na akaniambia ni sabuni imeingia machoni.

Mzee Likanda ameshatangulia mbele za haki. Kile kisima bado kinatoa gesi.

Kwa hiyo mnaposikia mtu amesimama ukumbini akisema raba ilijaribiwa ikashindwa, jueni haikujaribiwa siku ile. Siku ile ilijaribiwa haraka, na haraka ndiyo iliyoshindwa. Mkipata kazi, kwenye gesi au hata kwenye visima vya maji huku kwetu, mtakutana na mtu wa "ndani ya kisima hakuna ndoo". Atakuwa amevaa vizuri. Atawaita dada na kaka. Ondoeni mkono kwenye pampu. Mtaonekana wakaidi na mtawekwa stoo. Stoo si kaburi, mimi nimetoka.

Kesho yake baada ya ule mkutano nilipanda bajaji mpaka stendi, nikashuka Kahe. Nilitaka Eliamani aambiwe na mimi kabla hajaambiwa na watu wa mitandao. Nilimkuta shambani kwenye vitunguu, anafungua maji ya mfereji kwa mguu, maana jembe halishiki sawasawa. Shingo yake upande mmoja inang'aa kama plastiki. Alifurahi kuniona.

"Shikamoo, dada. Mmetuachia maji leo huko juu?"

"Marahaba. Tumewaachia kidogo, msizoee."

Alicheka, kisha akaniangalia usoni akaacha kucheka. Nikamweleza. Alisikiliza akiwa amesimama kwenye maji.

"Kwa hiyo bado wanasema nilifungua valvu."

"Bado wanasema."

"Mbele za watu?"

"Ukumbi ulijaa."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikasema nilikwenda shimoni, nikaishika, ilikuwa imefungwa na waya umepindwa mara mbili. Hapo wakanizimia kipaza sauti."

Nilidhani atatukana, na nilikuwa tayari kumsaidia. Badala yake aligeuka kuelekea nyumbani akaita, "Upendo! Njoo hapa!"

Akatoka binti yake mkubwa, wa sekondari, mikono ina unga. Akanisalimia kwa heshima. Huyu alikuwa tumboni baba yake alipoungua. Amekua akisikia kwa wajomba zake, na kwa watoto wenzake shuleni, kwamba baba yake ni mzembe aliyejichoma mwenyewe. Eliamani alikuwa amemwambia mara nyingi kwamba si kweli, lakini mtoto hujua kwamba kila baba hujitetea.

"Huyu ndiye Dada Haika," akamwambia. "Alikuwepo."

Kisha akanigeukia.

"Dada, sema tena. Mtoto asikie."

Nikavua viatu, nikaingia kwenye maji nisimame karibu nao, nikasema tena, kuanzia raba ilipokuwa bado inakauka bandani.